Habari za Kazi? Nzuri

Nchi yenyewe iko mbali. Tuelewane hapo mapema, asije mtu akasoma huku amenuna akidhani anasemwa yeye. Iko mbali sana, watu wake hawatuhusu ndewe wala sikio, na mambo yaliyotokea huko hayawezi kutokea mahali penye watu timamu kama mimi na wewe. Inaitwa Jamhuri ya Adabu.

Adabu ilikuwa na upungufu wa vitu vingi, maji yakiwemo, lakini salamu ilikuwa nazo za kumwaga. Huwezi kununua kiberiti dukani kabla hujaulizwa umeamkaje, nyumbani wameamkaje, na yule mgonjwa wenu anaendeleaje, hata kama alishazikwa. Serikali ilipoona kwamba kitu pekee kisichokatika nchini ni salamu, ikaitungia sheria. Sheria ya Maamkizi ilitamka kwamba mtu akiulizwa habari atajibu "nzuri", "njema" au "salama". Atakayejibu vinginevyo atakuwa amemkosea aliyemsalimu, jirani zake, pamoja na bendera ya taifa.

Hapo ndipo Wizara ya Kazi ilipopata akili. Kuhesabu watu wasio na kazi ni gharama, na majibu yake hayapendezi. Basi makarani wakatumwa nyumba kwa nyumba na swali moja tu: "Habari za kazi?" Nchi nzima ikajibu nzuri. Aliyelala barazani tangu asubuhi alijibu nzuri. Aliyefukuzwa kazi jana yake alijibu nzuri, akaongeza kwamba anamshukuru Mungu. Waziri akatangaza redioni kwamba Adabu imekuwa nchi ya kwanza duniani isiyo na hata mtu mmoja asiye na kazi. Wananchi waliokuwa wakimsikiliza, wengi wao wakiwa majumbani saa nne asubuhi siku ya Jumanne, walipiga makofi.

Huko ndiko alikorudi Kitwana Mahundu.

Kitwana alikuwa ameondoka kwenda Thelujini, nchi ya baridi, akapata kazi katika kiwanda cha kutengeneza barafu. Alifanya kazi hapo miaka minane bila mtu kujiuliza lolote. Kisha siku moja mwenye kiwanda akachungulia dirishani, akaona barafu inadondoka yenyewe kutoka mbinguni, bure, akafunga kiwanda mchana ule ule.

Watu wa Thelujini hawajui kusalimiana. Mnaweza kukaa mlango kwa mlango mpaka mmoja wenu afe, na mwenzake akajua kwa harufu. Lakini wana sheria moja ya ajabu: mtu akipoteza kazi hulipwa fao la kukosa kazi mpaka apate nyingine, na akitaka kwenda kuitafuta hiyo nyingine kwao alikozaliwa, fao humfuata huko huko. Sharti lake dogo. Kabla ya mwisho wa mwezi, serikali ya kwao igonge muhuri kwenye karatasi kuthibitisha kwamba fulani amefika na hana kazi. Usipogongwa, fao linabaki Thelujini, na anayelitaka inabidi arudi kulisubiri huko huko kwenye baridi.

"Kwetu muhuri si tatizo," Kitwana aliwaambia. "Kwetu mihuri iko mingi kuliko karatasi."

Alifika nyumbani Ijumaa. Binti yake, Riziki, alizaliwa mwezi ule ule baba yake alipopanda ndege, na alikuwa akimjua kama sauti ya simu inayouliza umesoma nini leo. Mtoto alimpa shikamoo, akatandika kitambaa cha kufuma kwenye kiti cha wageni, akamkaribisha akae, akamletea maji kwenye sinia. Kisha akaenda jikoni kwa mama yake, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo, Kitwana akasikia kila neno.

"Mama, mgeni anaondoka lini?"

"Mgeni gani? Huyo ni baba yako," alisema Siwema.

"Najua. Anaondoka lini?"

Iliuma. Kitwana alikuwa amepigwa na baridi miaka minane, amekanyaga barafu kwa viatu vilivyotoboka, lakini hakuna kilichowahi kumchoma kama swali lile. Alikaa kwenye kitambaa cha kufuma akajiapiza kwamba Thelujini harudi tena. Ila vitumbua alivyouza mkewe mlangoni viliwatosha watu wawili, na sasa walikuwa watatu. Bila fao, kiapo chake kilikuwa maneno matupu, na alilijua hilo vizuri.

Jumatatu asubuhi akaenda Ofisi ya Ajira Timilifu. Ofisi ilikuwa kubwa, safi, na tupu kabisa, maana katika nchi isiyo na mtu asiye na kazi, nani atakwenda huko? Nyuma ya meza alikaa Bi. Havijawa, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na sauti ya upole ya kumlaza mtoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Za watoto?"

"Nzuri, mama."

"Za kazi?"

"Nzuri."

Bi. Havijawa akavaa miwani, akaandika neno moja, akapuliza wino. "Hongera. Nikusaidie nini?"

Kitwana akaeleza: kiwanda, barafu, fao, muhuri. Bi. Havijawa alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akamgeuzia daftari alisome mwenyewe. Mbele ya jina lake paliandikwa: *Kazi yake ni nzuri.*

"Mama, ile ilikuwa salamu tu."

"Salamu tu? Mwanangu, mimi nakuuliza habari zako kwa moyo mmoja, kumbe wewe unanijibu uongo?"

"Si uongo. Ndivyo tunavyojibu."

"Sasa ilikuwa kweli au uongo?"

Kitwana akayapima majibu yote mawili. Akisema kweli, ana kazi. Akisema uongo, amemdanganya mtumishi wa umma aliye sawa na mama yake mzazi. Aliaga kwa adabu zote, akaambiwa "haya, kazi njema", akajibu "ahsante", na hilo nalo likaandikwa.

Nyumbani Siwema alimsikiliza huku akigeuza vitumbua. Huyu alikuwa mwanamke asiyezunguka maneno.

"Sasa si ungesema huna?"

"Mama wa watu ananiuliza habari, nimwambie sina? Nitaonekana mtu wa namna gani?"

"Utaonekana mtu asiye na kazi. Si ndicho ulichofuata?"

Kesho yake akarudi. Wakaamkiana vizuri. Za nyumbani zilikuwa nzuri, za watoto zilikuwa nzuri. Bi. Havijawa akauliza za kazi, na Kitwana, huku jasho likimtoka mgongoni, akasema, "Sina."

Bi. Havijawa alivua miwani taratibu. Machozi yakamlengalenga. Katika utumishi wake wote, akasema, hakuna aliyewahi kumtukana namna ile. Mlinzi akaitwa. Mlinzi naye, kabla ya kumkamata Kitwana, alimsalimia, na Kitwana akajibu nzuri ili mambo yasiharibike zaidi.

Kwa kosa la kwanza adhabu ilikuwa semina elekezi ya maamkizi. Kitwana aliketi siku tatu ukumbini na wakosaji wenzake, kila mmoja na balaa lake. Mmoja aliulizwa habari za hospitali akasema hakuna dawa. Mwingine aliulizwa habari za safari akataja mashimo. Mwalimu aliwafundisha kusema "nzuri" kwa kutabasamu, "nzuri" kwa kuumwa jino, na "nzuri" ya msibani, ambayo husemwa kwa kushusha sauti kidogo. Mwishoni aliwaonya.

"Atakayerudia kosa atanyang'anywa pasi ya kusafiria. Mtu asiyejua kujibu salamu hatuwezi kumwachia akatuaibishe kwa watu. Atakaa humu humu ndani mpaka atakapostaarabika."

Wakosaji waliinamisha vichwa kwa huzuni. Kitwana alifaulu vizuri, akapewa cheti chenye maneno ya dhahabu: *Huyu sasa anajibu Nzuri.*

Nyumbani, Riziki alikuwa ameanza kumzoea. Siku ya nne aliacha kumletea maji kwa sinia. Siku ya saba alimwekea kitumbua kimoja kilichoungua pembeni, kile ambacho hakiuziki, na Kitwana akakila kwa furaha kubwa maana alijua vile vizuri hupewa wanunuzi na wageni. Lakini bado alikuwa akikaa kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, na kila jioni mtoto alikinyoosha kitambaa kile kama kinachosubiri mtu mwingine.

Habari za mtu aliyesema "sina" zikapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka zikamfikia Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Kauli. Mheshimiwa hakulala. Mtu mmoja asiye na kazi anaweza kuharibu takwimu za nchi nzima, na takwimu zenyewe alikuwa ameshazipeleka kwenye mkutano wa mataifa na kuzipokelea tuzo. Wasaidizi wakapendekeza huyo mtu apewe kazi tu, yaishe. Mheshimiwa akawashangaa. Kazi itoke wapi? Nafasi zote zimejaa.

Basi siku moja msafara wa magari ukaingia kwenye uchochoro wa Kitwana mpaka ukaziba, gari la mwisho likabaki mtaa wa pili. Turubai likafungwa, spika zikapangwa, viti vikaazimwa kwa majirani, na kiti cha wageni cha Riziki kikakaliwa na Mheshimiwa.

"Itifaki imezingatiwa," alianza Mheshimiwa Kauli, akatulia ili itifaki yenyewe isikie. "Ndugu zangu, yako maneno yanapita mitaani, kwamba humu nchini kuna mtu hana kazi. Nimekuja mwenyewe kukanusha. Serikali yenu sikivu imelichakata suala hili usiku na mchana. Tukajiuliza: huyu ndugu yetu Kitwana, tangu asubuhi mpaka jioni anafanya nini? Tukaambiwa, Mheshimiwa, anatafuta kazi. Anaamka mapema. Anavaa viatu. Anatembea juani. Anarudi amechoka. Sasa, ndugu zangu, niseme tu: kama hiyo siyo kazi, kazi ni nini?"

Makofi yalipigwa mpaka turubai likayumba.

"Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, namteua ndugu Kitwana Mahundu kuwa Mtafuta Kazi wa Taifa. Ataripoti saa moja na nusu kila siku, atatafuta kazi mpaka saa tisa na nusu, na atavaa kitambulisho shingoni."

Kitwana alisimama kushukuru, kama ilivyo ada. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na mshahara, Mheshimiwa?"

Mheshimiwa akacheka kwa upendo. "Mshahara utalipwa utakapopata kazi."

Majirani wakampa mkono, wengine wakaanza kumwomba awakumbuke na wao huko aliko. Siwema peke yake hakupiga makofi. Alikuwa akiangalia vitumbua vyake vikiliwa na msafara bila mtu kuingiza mkono mfukoni.

Wizara, kwa fahari, ikaiandikia Thelujini: raia wetu amefika salama, na tayari ameteuliwa katika nafasi ya kitaifa. Watu wa Thelujini, ambao hawajui kusalimiana lakini wanajua kujibu barua, wakajibu siku iliyofuata. Walimpongeza Kitwana kwa kazi mpya na kumjulisha kwamba fao limesimama. Kama kuna makosa, alete karatasi yenye muhuri wa serikali yake isemayo hana kazi. Kama hana karatasi hiyo, arudi mwenyewe.

Kitwana alikwenda kwa Bi. Havijawa na kitambulisho shingoni. Mama wa watu alimhurumia kweli kweli, akamkaribisha na chai.

"Mwanangu, nikuandikie huna kazi, na hilo linaloning'inia shingoni ni nini?"

"Ni kazi ya kutafuta kazi, mama."

"Basi si umesema mwenyewe."

Akarudi nyumbani, akakaa, akapiga hesabu na mkewe kwa sauti ya chini. Mwezi ulikuwa unakatika. Kilo ya unga ilikuwa imepanda bei. Hakukuwa na njia nyingine, wakakubaliana hivyo, na walipokwisha kukubaliana hakuna aliyemtazama mwenzake. Wizara iliposikia mtu wake mmoja wa hatari anataka kuondoka nchini, ikamkatia tiketi siku ile ile. Lilikuwa jambo pekee ambalo wizara hiyo iliwahi kulimaliza kwa siku moja.

Asubuhi ya safari Riziki alikitoa kitambaa cha kufuma, akakikung'uta, akakitandika upya kwenye kiti. Kitwana akamuuliza anafanya nini.

"Si unaondoka," mtoto alisema. "Ukija tena kiwe kisafi."

Alibeba begi lake mpaka uwanja wa ndege na maneno hayo yakamfuata. Kwenye foleni ya pasi alisimama nyuma ya mwanamke mmoja, mbele ya mzee mmoja, wote wakienda kutafuta nje ya nchi kile ambacho ndani ya nchi kila mtu alikuwa nacho. Mbele kule afisa kijana alikuwa akisalimia na kugonga, akisalimia na kugonga. Habari za nyumbani, nzuri. Habari za kazi, nzuri. Gonga. Pita.

Zamu yake ikafika. Afisa alichukua pasi, akakiona kitambulisho, akamtambua, akatabasamu. "Mtafuta Kazi wa Taifa! Habari za nyumbani, mzee?"

Kitwana alifikiria kiti. Alifikiria pia yule mwalimu wa semina na adhabu yake ya kutisha: atakaa humu humu ndani. Wenzake walihuzunika siku ile. Yeye naye alikuwa amehuzunika, mjinga wa watu.

"Nzuri," alisema. Kwa nyumbani alimaanisha.

"Na za kazi?"

"Mbaya," alisema Kitwana, tena kwa sauti, ili hata wa mwisho kwenye foleni asikie. "Sina kazi. Niliyokuwa nayo ilikufa, na niliyopewa ni ya kuitafuta nyingine. Mke wangu anauza vitumbua, vinaliwa na Waziri. Sina kazi, kijana. Andika."

Muhuri wa afisa ulibaki hewani. Nyuma, mzee alikohoa, akasema taratibu, "Na mimi sina." Mwanamke aliyekwisha kupita akageuka kuangalia.

Mahakama ya Maamkizi ilikuwa pale pale uwanjani, maana hakuna mahali watu hukosa adabu kama kwenye ndege zilizochelewa. Hakimu alimuuliza Kitwana kama ulimi ulimteleza. Akijibu ndiyo, ataachiwa aende zake Thelujini.

"Haukuteleza, Mheshimiwa. Sina kazi kweli."

Hukumu ikaandikwa hapo hapo, kwa lugha nzito na kwa umakini mkubwa, isije ikatenguliwa kwenye rufaa. Uteuzi wake wa kitaifa ukafutwa kwa kukosa maadili. Pasi ikachukuliwa. Nakala ikapigwa muhuri wa Jamhuri, wenye jogoo anayeinama kusalimia, akapewa mkononi.

Alifika nyumbani alasiri, amechoka, begi begani. Aliingia, akafanya kama alivyozoea, akaketi kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma. Riziki alimtazama, akatazama begi.

"Umesahau kitu?"

"Sikusahau kitu. Wamenikatalia kuondoka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nistaarabike."

Mtoto alilipima hilo jambo. Alikuwa amekaa na baba yake wiki kadhaa, alishamwona anavyokula na anavyokoroma, na bila shaka aliona itachukua muda mrefu. Akaja akakishika kitambaa kwa pembe.

"Basi toka hapo, baba. Hicho kiti cha wageni."

Kitwana akatoka. Alikaa chini kwenye mkeka karibu na jiko, na akalia bila kujificha, na moshi ukasingiziwa. Siwema alimwacha alie. Aliokota ile karatasi ya hukumu iliyoanguka, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango akaanza kuisoma, na katikati akarudi mstari mmoja nyuma. Kisha akaisoma tena kwa sauti.

"'Mahakama imejiridhisha pasipo shaka kwamba mshtakiwa hakuteleza ulimi, bali alitamka kwa kusudi, kwa kuwa ni kweli hana kazi.'" Akaigeuza. "Baba Riziki. Huu muhuri ni wa nani?"

"Wa serikali."

"Na mwezi unaisha lini?"

Thelujini waliipokea karatasi siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Hawakuelewa habari za jogoo, lakini waliutambua muhuri, na fao likaanza kuja.

Siri ya namna hiyo haikai. Kabla ya mwezi mwingine kwisha, kila aliyerudi kutoka nchi za watu na madai yake ya fao alikuwa uwanja wa ndege akisubiri kusalimiwa, na foleni ya wanaotaka kuhukumiwa ikaipita ya wanaotaka kusafiri. Hakimu akaishiwa wino. Sauti za "mbaya" na "sina" zikasikika mpaka sokoni, mpaka zikaanza kusemwa na watu ambao Thelujini hawajawahi kuiona hata kwenye picha.

Serikali sikivu ikachukua hatua. Mheshimiwa Kauli akatangaza redioni kwamba kuanzia siku hiyo swali la habari za kazi limefutwa katika maamkizi ya taifa, kwa kuwa limepitwa na wakati na linaleta taharuki. Wananchi watasalimiana kwa habari za hali ya hewa. Akaongeza kwa fahari kwamba tangu tangazo lianze kutumika, hajapatikana hata mtu mmoja aliyesema hana kazi.

Hayo yalikuwa ya huko, na nilishasema huko ni mbali. Kwetu hatuna mambo hayo. Sisi tukiulizwa tunasema ukweli wetu, sivyo? Basi, ndugu msomaji, kabla hatujaagana, tusije tukaonekana hatuna adabu: habari za kazi?